Salamu Iliyobaki Mlangoni: Risala ya Wanyamavu wa Ghala la Ngozi, Kakuma

Mgeni rasmi, Mama Nabei, mwenyekiti wa Kamati ya Soko la Ngozi. Wanakamati mlioandamana naye. Majirani zetu wa sokoni. Ndugu zetu wa kambini na wa Kalobeyei. Nanyi wenzetu wa Lodwar mliofika leo asubuhi juu ya lori la vitunguu: ejok.

Tunaomba tusimame hapo kidogo, ili kila aliyesalimiwa apate nafasi ya kujibu.

Ahsanteni. Sasa tunaweza kuendelea kwa amani.

MAKARIBISHO

Mgeni rasmi, karibu sana. Tunajua kuja kwako hakukuwa jambo jepesi. Wajumbe wetu walipokuletea mwaliko uliusoma, ukaukunja, ukawaambia, "Nitakuja nione kama mna midomo." Midomo tunayo, Mama. Risala hii inasomwa na Adau, ambaye tumemchagua kwa kuwa kati yetu sote ndiye anayeshindwa zaidi kunyamaza.

Kiti ulichokalia ndicho pekee chenye mgongo. Chai iliyo mbele yako ni ya Akal, yule anayeuza hapo ng'ambo ya barabara, na maziwa yake ni ya ngamia kama tulivyosikia unapenda. Kwa kuwa mficha uchi hazai, tuseme pia lililo wazi kwa kila mtu hapa. Mwezi huu ukiisha, ghala hili litakabidhiwa mfanyabiashara wa saruji, na neno la mwisho ni lako. Kwa hiyo leo tumefagia mara mbili.

TULIKOTOKA

Mgeni rasmi, watu wengi hutuuliza sisi ni nani, na wengine hawaulizi, hujijibu wenyewe. Tumesikia kwamba tunaabudu tumbo. Tumesikia kwamba tunalala mchana na kuita ibada. Hilo la pili lina ukweli kidogo, tutalifikia.

Mwanzo wetu ni Christelle, mama mwenye kitenge cha buluu aliyesimama karibu na pipa la maji. Ametoka Uvira. Kabla ya kuletwa makazi ya wakimbizi ya Kalobeyei alikuwa mpishi katika nyumba ya watawa wa Kibudha kule Nairobi. Aliwapikia wali na dengu, na kila alipomaliza kuosha masufuria alikaa nyuma ya ukumbi wao akafanya walivyofanya, yaani kukaa kimya na kuitazama pumzi ikiingia na kutoka. Alipohamishiwa huku alikuja na watoto wawili, sufuria moja, sanamu ya Budha ndogo kama ngumi ya mtoto, na mazoea hayo.

Jirani yake alikuwa Akuch, aliyeingia nchini kutoka Sudan Kusini kupitia Nadapal na ambaye usingizi wake ulibaki upande wa pili wa mpaka. Akamwona Christelle kila alfajiri amekunja miguu nje ya nyumba.

"Unafanya nini hapo?" akamuuliza.

"Niko naikala tu."

"Na ukishakaa?"

"Niko napumua."

"Hata mimi napumua," Akuch akasema, "na bado nachota maji."

Lakini kesho yake alikuja akakaa, na baada ya siku kadhaa akalala usingizi mzima hadi jua likamkuta. Alivyozunguka akiitangaza habari hiyo, ungedhani amepata mtoto. Watu wakaanza kuongezeka, nyumba ya Christelle ikawa ndogo, ndipo tukaja mjini kuomba ghala hili lililoachwa tangu wanunuzi wa ngozi waache kuja. Kamati ya wakati ule ilituruhusu kwa mdomo, kwa sharti kwamba tulitunze. Harufu ya ngozi ilikuwa na nguvu kutuzidi, na mwanzoni kila aliyeitazama pumzi yake alijuta kuivuta.

Hapo ndipo anapoingia Ewoi, ambaye risala hii haiwezi kumruka.

Ewoi hakuja kutafakari. Alikuja kutafuta kivuli. Alikuwa ametoka Lopur na mbuzi wachache waliobaki baada ya ukame, soko lilikuwa limelala, jua linachoma, na mlango wetu ulikuwa wazi. Akaingia, akaweka ekicholong yake kwenye kona, kile kigoda ambacho mzee wa Kiturkana hatembei bila kuwa nacho, akakigeuza mto, akalala. Alikoroma kikao chote. Hakuna aliyemwamsha, maana kwetu mtu hagombezwi kwa kulala. Alipoamka akatukuta bado tumekaa, akamwendea Christelle.

"Nyinyi mnangojea nani?"

"Hatungojei mutu, papa."

Ewoi akafikiri. "Basi kesho hata mimi nitakuja kungojea."

Akaja kesho, na keshokutwa. Alikuwa Mturkana wa kwanza kukaa nasi, na kwa sababu yake wakaja wengine, kwani watu walisema kama Ewoi ameingia akatoka mzima, basi hakuna hatari. Ametueleza mwenyewe alichokipata humu. Anasema wanyama wake wengi walikufa lakini kichwa chake hakikupewa habari; kiliendelea kuwachunga. Mchana kiliwatafutia majani, jioni kiliwatafuta waliopotea, na yeye kalala macho wazi. "Hapa ndani," alituambia siku moja, "wananikalia chini. Wanalala." Tulimpenda tangu siku hiyo, na hatuoni haya kulisema mbele ya wageni.

Kuhusu dini, Mama, tusikuzungushe. Wachache kati yetu wameishika njia ya Budha hasa, akiwamo Christelle. Wengi ni Wakristo, na Jumapili ghala hili huwa tupu kwa sababu waimbaji wote wako kanisani, mwenzetu Kasongo akiwaongoza kwa sauti ambayo hata huku inasikika. Hatujamnyang'anya mchungaji yeyote kondoo wake. Tunawarudisha wakiwa wamepumzika.

TULIYOYAFANYA

Mgeni rasmi, hapa hakuna anayelipwa. Anayefungua mlango amejitolea, anayechota maji amejitolea, na Kasongo, ambaye ni seremala, amelipiga paa viraka vingi hata hatujui tena bati la asili ni lipi. Pipa la mlangoni ni la mpita njia yeyote. Mikeka ni ya majani ya mkoma, imesukwa na akina mama wa hapa mjini ambao wengine walikuja kuuza, wakakaa kujaribu mikeka yao, hawajaondoka hadi leo.

Huko Lodwar wenzetu wana tawi dogo ndani ya duka la fundi cherehani. Wanakaa mashine zikishazimwa, katikati ya sare za shule, na wanasema anayesinzia huamshwa na pini.

Kama kuna tunalojivunia, ni kwamba mwenyeji na mkimbizi wanakaa bega kwa bega. Zamani walikutana penye kuni na penye ugomvi tu. Hata hapa ndani ugomvi umewahi kuingia: mbuzi wa Ewoi walimaliza kunde za Akuch, majani na maua, na Akuch akaja kikaoni na hasira yake. Walikaa mkeka kwa kigoda, kengele ikalia, kisha Akuch akamwambia, "Nimeitazama pumzi yangu yote na bado mbuzi wako ni wezi." Ewoi akakubali kwamba ni wezi. Yakaishia hapo, na baadaye binti wa Ewoi aliyeko Katilu alipotuma mahindi, gunia la kwanza lilishuka kwa Akuch.

Tuseme pia habari ya kengele, maana mbele kidogo utaihitaji. Kengele yetu ya kwanza ilikuwa ya mti, ya ngamia. Ilikuwa na sauti nzuri, shida ni kwamba ngamia nao waliijua. Siku ya tatu aliingia mmoja, akasimama katikati yetu, na kikao kikavunjika kwa namna ambayo hatutaieleza mbele ya chai. Tukatafuta ya shaba, tukamkabidhi Ewoi.

Na desturi yetu ilikuwa hii: anayeshika kengele ametushika sote. Ikilia mara ya kwanza, midomo na macho yanafungwa. Hadi ilie tena, hata paa lianguke, hakuna anayesema neno. Ewoi aliwahi kuigonga kabla ya wakati, mara moja tu. Alisikia mvua ya kwanza ikipiga bati, furaha ikamshinda, akagonga, tukakimbilia nje sote na mikono juu. Hakuna aliyelalamika, ila tulimtania kwa majuma mengi tukimwita Mzee wa Mvua. Utani mwingine hugeuka sheria moyoni mwa anayetaniwa. Akaapa kwamba hataigonga tena kabla ya wakati wake, liwalo na liwe.

YANAYOTUSUMBUA

Mgeni rasmi, vumbi linatusumbua, popo wanatusumbua, na kijana wa duka la simu hapo jirani ana wimbo mmoja tu. Hayo tumeyazoea. Tatizo letu kubwa ni moja, na tunaomba tulieleze kwa heshima.

Asubuhi moja, tukiwa tumekaa, alikuja mlangoni mgeni mmoja wa maana. Jina lake tumelihifadhi, ingawa tunaona chai yake inapoa. Mgeni huyo alikuja kwa kazi halali, kuangalia kama ghala hili lina watu au halina. Akasimama kizingitini, akaegemea fimbo yake, akasema kama asemavyo mtu aliyelelewa vizuri, "Ejok."

Kimya.

Ndani tulikuwa watu wengi, macho tumefumba. Waliotoka Kongo walisikia sauti wakadhani ni mpita njia. Waliotoka Sudan Kusini walisikia wakadhani mwenye kengele atajua la kufanya. Na mwenye kengele, Mama, alikuwa Mturkana. Alijua salamu ni nini.

Ewoi ametusimulia dakika ile mara nyingi, kiasi kwamba kila mmoja wetu anaiona kama alikuwa ndani ya ngozi yake. Aliposikia ejok ya kwanza, jibu lilipanda lenyewe hadi kwenye meno. Akalishika. Alijua kwamba kwao mtu asiyejibu salamu ni adui, au amekufa, au anakutakia vyote viwili. Mkono wake ulikuwa juu ya kengele. Kugonga tu, basi, midomo yote ingefunguka na mgeni angejibiwa kama jeshi linavyoitikia. Lakini wakati ulikuwa bado, na aliuona utani wetu ukimsubiri, Mzee wa Mvua, Mzee wa Mvua. Ejok ya pili ikaja, nzito kidogo. Akajiambia mgeni huyu ni mtu mzima, ataona, ataelewa, atangoja.

"Mimi nilisikia," anasema. "Ya kwanza nilisikia, ya pili nilisikia. Mdomo ilikuwa imejaa jibu."

Ejok ya tatu ilisemwa polepole sana. Halafu fimbo ikasikika ikigeuka kwenye changarawe.

Wakati ulipotimia, Ewoi aligonga kengele mara moja, akaitupa mkekani, akatoka mbio. Nje hapakuwa na mtu. Mzee yule akainama akazishika nyayo, alama za akala, vile viatu vya tairi, na tundu la fimbo pembeni, akazifuata kupita wauza makaa, kupita kinyozi, hadi mahali zilipokoma na pikipiki ikaanza. Akasimama hapo juani. Akal ndiye aliyemwambia aliyepita alikuwa nani, na kwamba aliposimama kwake kunywa maji alisema neno.

"Alisema hiyo nyumba haina mtu," Akal akamwambia. "Alisema mahali iko mtu, salamu inajibiwa."

Ndivyo kamati ilivyoambiwa kwamba ghala ni tupu. Hatusemi iliambiwa uongo. Tumelipima neno hilo tukalikuta na uzito kuliko tunavyoweza kubeba. Tunatafuta utulivu, tukamnyima mtu salamu mlangoni. Jambo hilo lilituaibisha, na tukakaa kulijadili hadi koo zikakauka. Christelle akasema huko alikojifunza hakuna aliyemfundisha kumwacha mgeni jua limpige. "Kimya yenye kufunga mutu inje, ile si kimya," akasema, "ile ni kiburi." Tangu siku hiyo tumeibadili desturi. Akitokea mtu akasalimu, sote tunajibu kwa pamoja, macho yakiwa yamefumbwa, halafu tunarudi kwenye pumzi. Popo walishtuka mwanzoni, sasa nao wamezoea.

Ewoi hakungoja mjadala wetu. Kesho yake alichukua ekicholong yake akaiweka nje, kushoto mwa mlango, na huko ndiko anakokaa. Wakati sisi tumefumba macho, yeye anajibu salamu. Anajibu wauza kuni, anajibu watoto wa shule, anajibu pikipiki zinazopiga honi. Habari imeenea hata watu wanapinda njia ili wajibiwe naye. Wanakamati mnaweza kuulizia: katika mji huu leo hakuna jengo linalojibu salamu kushinda hili.

Tunacheka, na yeye anacheka. Ila haingii. Kengele ameirudisha. Tulimwendea kwa zamu, tukamwambia desturi imebadilika, mlango haumhitaji tena, njoo ndani. Akuch, yule mwenye kunde, alimwambia, "Mzee, malesh, haidhuru, hiyo imeisha." Ewoi akamwonyesha kizingiti kwa kidevu.

"Zote nimejibu. Ile moja bado iko hapo. Nikiingia nitaikanyaga."

Alikwenda nyumbani kwa mgeni yule kujibu. Akaambiwa amesafiri Lodwar. Alikwenda tena, akaambiwa yuko kwenye mkutano. Mara ya tatu alifika hadi kwenye ua, akaona watu wengi na magari, haya ikamrudisha. Na mwanawe ametuambia, Ewoi mwenyewe asingesema, kwamba usiku kichwa chake kimeanza tena kuchunga.

TUNACHOOMBA

Mgeni rasmi, tuna maombi mawili.

La kwanza ni ghala. Tunaomba kamati iandike kwamba lina watu, kwa kuwa leo umewaona na umewasikia. Kama saruji ni lazima ipate pa kulala, upande wa nyuma ni mkavu na tuko tayari kuugawa. Sisi si watu wa kuhitaji nafasi kubwa, na mfuko wa saruji ni jirani mtulivu. Kasongo atajenga ukuta wa katikati kwa mikono yake.

La pili halihusu jengo. Ulipofika leo, watu walisimama pande zote kukupokea na bila shaka hukuwatazama wote. Kushoto mwa mlango kulikuwa na mzee mwenye shuka ya mistari aliyeinamisha kichwa hadi ukapita. Hakukunyima salamu mara ya pili. Alikuwa anangoja usalimu wewe, kwani kwa desturi yenu, ambayo sisi wageni tumejifunza kwa kuchelewa, jibu haliwezi kutangulia. Ukapokewa na nyimbo, ukaingizwa ndani haraka, na nafasi ikapita. Kosa hilo nalo ni letu. Kwaya ya Kasongo ilianza mapema.

Tumejaribu kumfungulia Ewoi mlango huu na tumeshindwa. Hatuna mamlaka nao. Wewe unayo, na haihitaji kikao cha kamati wala muhuri. Ni neno moja, na umewahi kulileta hapa mara tatu.

Na kama leo nafasi ni ya ombi moja tu, Mama, tupe hilo la pili. Ghala likienda tutakaa kando ya laga, ule mto mkavu, chini ya migunga, mikeka tunayo na pumzi hatukodi. Lakini popote tutakapokaa tutahitaji mtu wa kushika kengele, na hatumtaki mwingine.

Tulikuwa tumeandika kurasa mbili zaidi, zenye shukrani kwa kila mtu. Tumezitoa, ili muda uliobaki uwe wako. Mlango uko wazi, naye yuko pale pale. Sasa tutafanya kazi tunayoijua. Tutanyamaza, tusikilize mlangoni.

Mungu akulinde wewe na wa nyumbani kwako, awape mifugo yenu majani na visima vyenu maji. Na viumbe wote, wenye miguu miwili na wenye minne, walioko ndani na walioko nje, wawe na amani.

Ni sisi,
Jumuiya ya Kutafakari ya Ghala la Ngozi, Kakuma, pamoja na tawi la Lodwar,
na Ewoi, ambaye jina lake tumeliandika ndani.